Uzito wa Picha

Mamangu huwaambia wenzake wa kanisani kwamba mimi hufanya kazi ya kompyuta, basi. Haongezi neno, kwa sababu siku nilipomweleza kazi yenyewe alinitazama kama mtu anayengoja mwisho wa kichekesho.

"Unapunguza picha?"

"Ndiyo, mum."

"Zikuwe ndogo?"

"Hapana. Kwa macho zinabaki vile vile. Uzito ndio unapungua."

"Na kuna mtu anakulipa."

Nikamwambia yuko. Akamimina chai, akauliza kama chuo bado kinaweza kunirudisha.

Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo ilipopita kimo changu, na hiyo ni hadithi ambayo wengi wameshaisimulia vizuri kunishinda. Mimi ni mwandishi. Ningekuwa na kadi ya biashara ingesema hivyo. Lakini makala hulipwa yakichapishwa, na yakichapishwa hulipwa baada ya miezi miwili, na mwenye ploti hapa Githurai hana muda wa kungoja mhariri. Picha hulipwa jioni ile ile kwa M-Pesa. Ndivyo nilivyoingia. Mhariri mmoja aliniomba nikituma makala nitume na picha zisizozidi KB 200 kila moja. Nikakesha nikisoma, na kufikia asubuhi nilikuwa najua kitu ambacho watu wengi wenye tovuti hawakijui, na wako tayari kulipa ili waendelee kutokijua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua picha ya simu ya kawaida, megapikseli 12. Hiyo ni pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, jumla milioni 12. Kila pikseli hubeba namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, na kila namba ni baiti moja. Kwa hivyo picha ikiwa uchi, kabla haijabanwa, ni baiti milioni 36. MB 36 za selfi ya mtu Uhuru Park akiwa ameshika aiskrimu. Simu huwa imeshaibana kabla hujaiona, ndiyo maana kwenye galari unakuta MB 3 au 4 hivi na unadhani hiyo ndiyo asili yake.

Sasa angalia upande wa pili. Simu za bei ya chini, zile ambazo wengi wetu tunazo, mara nyingi skrini yake ina upana wa pikseli 720. Ukiiwekea picha ya pikseli 4,000 umemletea mtu lori la mchanga ajaze sufuria. Na hapa ndipo karibu kila mteja wangu hukwama. Anaiweka picha kwenye tovuti, anaivuta pembe mpaka inatoshea, anaona imekuwa ndogo. Haijawa ndogo, imetundikwa tu kwa udogo. Simu ya msomaji bado inapakua pikseli zote milioni 12, halafu inazikunja yenyewe, betri ikiungua.

Anayelipa ni nani? Mwenye tovuti analipia seva yake, amemaliza. Msomaji ndiye analipia kila MB. Ukurasa wenye picha sita za MB 4 ni MB 24. Mtu mwenye bando ya MB 100 ameshapoteza karibu robo akiangalia menyu ya mkahawa ambayo hata bei haijaandikwa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambapo data ilizimwa ukimaliza kusoma ujumbe, ikawashwa ukitaka kujibu. Kwa hivyo nikiona ukurasa mzito huwa sifikirii teknolojia kwanza. Naona ni tabia mbaya, kama mtu kukutuma dukani na hela zako mwenyewe.

Dawa ya sehemu hii ni rahisi na nitaipita haraka. Punguza upana kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Picha ya pikseli 1,080 kwa 810 haifiki hata pikseli milioni moja. Umeshaondoa zaidi ya asilimia 90 ya mzigo kabla hujagusa ubora. Tengeneza nakala mbili au tatu za upana tofauti, uiachie simu ya msomaji ichague inayoitosha. Waambie picha za chini ya ukurasa zisipakuliwe mpaka mtu atelemke kuzifikia. Nembo na michoro iende PNG au SVG, picha za watu na mahali ziende JPEG au WebP. Ukiweka picha ya harusi kwenye PNG utajua hujui, kwa sababu PNG haitupi kitu hata kimoja. Iliundwa 1996 kuchukua nafasi ya GIF, ambayo ilikuwa na rangi 256 tu na mgogoro wa hataza juu yake. WebP ilitoka kwa Google 2010, AVIF ikafuata 2019, na zote mbili kwa kawaida hukupa faili nyepesi kuliko JPEG kwa sura ile ile. Programu ya Squoosh inafanya haya yote ndani ya kivinjari chako na picha haiondoki kwenye mashine yako. Bure. Nikishasema hivyo najua nimejiharibia soko, lakini ni sawa.

Sehemu ninayoipenda ni ile ya kutupa.

JPEG kama kiwango ilitoka 1992, lakini hesabu iliyo tumboni mwake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1972, Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Kansas State University, aliomba hela kwa wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani achunguze mbinu aliyoiita badiliko la kosaini. Wakamnyima. Akaendelea bila wao, akisaidiana na T. Natarajan na K. R. Rao, na makala yao ikachapishwa 1974. Kurasa chache tu. Leo kila JPEG uliyowahi kutumiwa, na za kejeli za kwenye grupu la familia pia, imepita kwenye hesabu ile. Nikipokea barua pepe ya "tunasikitika kukujulisha" humkumbuka huyo mzee, kisha nakumbuka kwamba mimi sijagundua kosaini yoyote, naendelea na kazi.

Inavyofanya ni hivi. Kwanza inatenganisha mwanga na rangi, kwa sababu jicho la mtu ni kali kwa mwanga na zembe kwa rangi. Rangi ikipunguzwa nusu kila upande hatushtuki. Halafu inakata picha kuwa visanduku vya pikseli 8 kwa 8, na kila kisanduku inakisema upya kama mchanganyiko wa mawimbi 64, kuanzia yale mapana ya polepole hadi yale membamba yanayotetemeka. Fikiria kwaya. Besi ndiyo inabeba wimbo. Ile sauti nyembamba ya dada wa safu ya nyuma, ukiinyamazisha, waumini hawageuki. JPEG inagawanya kila sauti kwa namba fulani na kukata desimali. Zilizokuwa ndogo zinakuwa sifuri. Sifuri nyingi mfululizo huandikwa kwa ufupi sana, na hapo ndipo wepesi unatoka. Ile slaida ya "ubora" unayovuta kutoka 100 hadi 40 ni swali moja tu: tunyamazishe wangapi?

Shida ni kwamba programu haimjui dada wa safu ya nyuma. Haioni uso, haioni mtu. Inaona tofauti kubwa na tofauti ndogo. Ukingo wa shati jeupe dhidi ya ukuta wa buluu ni tofauti kubwa, utabaki hata ukibana vipi. Lakini nywele nyeusi kando ya paji jeusi chini ya kivuli cha mwembe saa saba mchana? Tofauti zake ni ndogo sana, kwa sababu kamera yenyewe ilizipokea zikiwa zimesongamana gizani. Hizo ndizo za kwanza kuwa sifuri. Shati linabaki na kila mkunjo wake na uso unageuka doa.

Hesabu haina ubaguzi, haijui rangi ya mtu. Lakini watu walioijaribu walichagua wataipima kwa nini. Kwa miaka mingi picha iliyotumika maabara kwa maabara ilikuwa ya mwanamke mmoja Mswidi, Lena Forsén, iliyokatwa kwenye jarida la Playboy la Novemba 1972 na kuingizwa kwenye kompyuta 1973 katika University of Southern California. Pikseli 512 kwa 512. Bega jeupe, mwanga mzuri, kofia yenye manyoya. Mpaka 2024 ndipo Jumuiya ya Kompyuta ya IEEE iliposema haitapokea tena makala zenye picha hiyo. Na kabla ya kompyuta, maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley. Nikiwa nimekaa na picha ya mtu mweusi wa Kakuma au wa Lodwar, slaida mkononi, huwa najua kwamba namba iliyowekwa kama "nzuri kwa wote" kuna watu haikuwahi kuwatazama.

Mwaka jana jirani yangu wa mlango wa pili alifiwa na babu yake huko Wundanyi. Familia imetawanyika: wengine Voi, wengine Mombasa, shangazi mmoja Dammam, binamu Canada. Wakaamua watengeneze ukurasa mmoja wenye ratiba ya mazishi, wasifu, namba ya Paybill na picha, badala ya kutuma mambo hayo vipande vipande kwenye grupu tatu za WhatsApp ambazo hazisikilizani. Jirani akanigongea saa nne usiku. Bei hatukuongea.

Picha ya marehemu iliyokuwa ikizunguka ilikuwa moja. Ni picha ya rangi ya miaka ya tisini, mzee amesimama mbele ya duka, kofia kichwani, kivuli cha kofia kimeshuka mpaka mdomoni. Mtu aliipiga picha kutoka ukutani, akaituma WhatsApp. Mwingine akachukua skrinishoti akaweka kwenye stetasi. Mwingine akachukua skrinishoti ya stetasi. Kila mara ilipohifadhiwa upya ilibanwa upya, na kila kubanwa kulitupa kidogo kilichobaki. Ilipofika kwangu ilikuwa KB 38, na mzee alikuwa kofia, shati, na wingu la visanduku katikati.

"Si uing'arishe tu," jirani akaniambia. "Si kuna programu."

Nikamweleza kwamba kilichotupwa hakijafichwa mahali. Programu inaweza kubuni uso, siku hizi zinabuni vizuri sana, lakini itakuwa imemchorea babu uso wa mtu mwingine, na watu 300 watakuja kumlilia huyo. Nikauliza karatasi yenyewe iko wapi.

Ilikuwa kwa nyanya yake, ukutani, kwenye fremu ya kioo. Asubuhi tukapiga simu. Aliyeshika ni mjukuu wa Kidato cha Pili, mwenye simu yenye kamera nzuri kuliko yangu. Nikampa maelekezo: toa picha kwenye kioo maana kioo kitarudisha mwanga, ilaze mezani karibu na dirisha, usiwashe flashi, futa lenzi kwa kitambaa, shika simu sambamba na meza. Kimya kidogo. Kisha nikasikia, "Nyanya amekataa itoke."

Nikaomba kuongea naye.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?"

"Ni mimi. Pole sana kwa msiba."

"Tumepokea. Sikiliza, mwanangu. Hii fremu aliipigilia yeye. Misumari ni yake. Nikiitoa, nani atairudisha?"

Sikuwa na jibu la swali hilo na sidhani alikuwa ananiuliza mimi. Nikamwambia basi isitoke. Tukatafuta njia: fremu ishushwe ikae kwenye kiti mlangoni, kibaraza kikiwa na kivuli, na mtu asimame nyuma ya mpiga picha ameshika leso nyeusi ili kioo kisirudishe anga. Nyanya akasema ataishika fremu yeye mwenyewe. Kwenye picha ya kwanza kidole gumba chake kiko pembeni, kikubwa, kimebana ubao. Ya nne ndiyo iliyokuwa safi. Nikamwambia yule msichana aitume kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu WhatsApp ikipokea dokumenti huipitisha ilivyo.

Ikaja MB 4.6.

Nilifanya hivi, na naandika kwa urefu kwa sababu hii ndiyo kazi, mengine ni kubofya tu. Nilikata fremu na ukuta. Nilipunguza upana mpaka 1,080. Halafu, kabla ya kubana, nikainua kivuli cha kofia kidogo tu. Si kumfanya mzee mweupe, Mungu anisamehe, nimeona wanaofanya hivyo. Niliinua giza kiasi cha zile tofauti ndogo za ngozi kutengana, ili hesabu ya Ahmed ikifika pale ikute sauti zenye nguvu ya kusikika. Ukuta wa duka nyuma yake ulikuwa umejaa punje za filamu, na punje ni ghali sana, kila moja inataka kuhifadhiwa kama vile ni jicho la mtu. Nikaulainisha ukuta, nikamwacha mzee na punje zake. Ubora nikaweka 82. Ikatoka KB 170. Nakala ya upana wa 720 kwa simu ndogo ikatoka KB 92. Pamoja na picha nyingine 14 za familia, zilizongoja zamu yao chini ya ukurasa, mtu aliyefungua na kusoma wasifu mpaka mwisho hakutumia hata MB 2.

Siku mbili baadaye msichana alinipigia kuniambia Nyanya ameona. Alikuwa amemshikia simu, Nyanya akamwambia afungue picha iwe kubwa, iwe kubwa zaidi, kisha akaweka kidole kwenye nyusi ya kushoto. Kuna kovu pale, fupi, limekata nyusi katikati. Kwenye ile picha ya KB 38 halikuwepo. Watoto wake wengine walikuwa wamelisahau, na wajukuu hawakuwahi kulijua kwa sababu uzeeni nyusi zilikuwa zimekwisha. "Hili alikuja nalo," Nyanya akasema. "Nimemuuliza miaka hamsini lilitoka wapi."

Baada ya hapo sikuweza tena kufanya kazi moja niliyokuwa nafanya vizuri tu zamani. Kulikuwa na ofisi fulani hapa mjini, sitaitaja, iliyonipa picha kwa mafungu: picha 40, bei moja, sharti moja. Hakuna picha kuzidi KB 40. Fungu la mwisho lilikuwa la akina mama wauza samaki huko ziwani, sura karibu, jua limewapiga juu, macho kivulini. Nyuso 22, na zilizobaki 18 zilikuwa mitumbwi, ndoo na omena juani. Omena wanabanika vizuri, kwa taarifa yako. Nyuso ndizo zilikataa. Kwenye KB 40, kwa upana waliotaka wao, yule mama wa katikati alipoteza mstari wa kope.

Nikawaandikia kwamba nyuso zinahitaji KB 90 hadi 120, na kwamba kwenye ukurasa wao huo huo kuna bango la juu la PNG lenye MB 1.2 ambalo ni rangi mbili na herufi tu. Nimeligeuza SVG, limekuwa KB 9. Ukijumlisha, nyuso zikikaa kwenye KB 90, ukurasa unapungua kuliko wangetii sharti lao. Jibu likaja: Google haipendi picha kubwa. Nikajibu kwamba Google haina kipimo cha KB 40. Inachopima ni kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kimechukua muda gani kuonekana, na wanataka kisizidi sekunde 2.5. Nikawatumia vipimo. Hawakunijibu kuhusu vipimo. Walilipa picha 18, zile za mitumbwi na omena. Zile 22 wakasema hazikufuata maagizo, na ni kweli hazikufuata. Mwezi huo nilikula madondo mpaka nikaanza kuyatambua kwa sura.

Bado najiuliza kama nilikuwa nawapigania wale akina mama au nilikuwa naringa. Hakuna aliyeniuliza, hata wao. Huenda mmoja wao angesema nibane tu, nilipwe, kope zake anazo nyumbani. Lakini ukurasa ule utakaa kwenye intaneti muda mrefu, na mtoto wa mtu atautafuta siku moja. Sharti la kilobaiti liliandikwa na mtu ambaye hakufungua faili hata moja.

Kuna uzito mwingine ndani ya picha ambao huupunguzi kwa ajili ya bando. Simu inapopiga picha huandika pembeni mambo yake: saa, aina ya simu, na kama umeruhusu, mahali hasa uliposimama, kwa latitudo na longitudo. Ni baiti chache, hazikuongezei mzigo wa kuonekana. WhatsApp ikibana picha huyaondoa hayo. Lakini ukituma kama dokumenti, ile njia ninayowafundisha watu wote, yanakuja yote. Kwa hivyo naweza kukuonyesha kwenye ramani mlango wa Nyanya wa Wundanyi, kiti kilipowekwa. Nilifuta kabla ya kupandisha.

Juni 2024, wenzangu walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, rafiki mpiga picha aliniletea kadi yenye picha mia tatu na kitu azipandishe usiku ule. Kazi ya kubana ilichukua dakika ishirini, kompyuta ndiyo ilifanya. Kufuta mahali kulichukua amri moja ya ExifTool. Kilichochukua usiku ni nyuso. Wiki hizo watu walikuwa wanachukuliwa majumbani, kila mtu alikuwa anajua mtu. Kuzitia ukungu hakukututosha, tukazifunika kwa rangi nzito isiyo na kitu chini yake. Tena baadhi ya faili hubeba ndani yake kinakala kidogo cha picha kama ilivyokuwa kabla ya kuguswa, kwa hivyo unaweza kumfunika mtu mbele ukamwacha nyuma. Tulifuta na hivyo vinakala. Ilikuwa mara ya kwanza kulipwa kwa kazi ya kuhakikisha uso haubaki. Tulikunywa chai ya rangi, tukazima taa, hakuna aliyelala.

Siku hizi ninaye mteja wa Mombasa, dada anayeuza leso kwa simu. Anapiga picha vizuri, leso imetandazwa kitandani, mwanga wa dirisha. Tatizo letu ni maandishi. Mnunuzi wa leso haangalii ua peke yake, anataka kusoma imeandikwa nini, kwa sababu anajua anampelekea nani na kwa nini. Na maandishi mengi ni mekundu juu ya rangi nyingine kali. Unakumbuka nilisema rangi hupunguzwa nusu kwa sababu jicho ni zembe? Kwenye nyekundu juu ya buluu jicho si zembe. Herufi zinavuja pembeni, "a" inakuwa "o", na mbele ya watu wa Mombasa neno moja likigeuka hivyo umeanzisha ugomvi wa familia mbili.

Kuna tiki ndogo ndani ya mipangilio inayosema rangi isipunguzwe. Faili inanenepa kidogo, nafidia kwa kupunguza upana wa picha za maua na kuacha ya pindo lenye maandishi ikiwa kubwa. Ya maruni ndiyo bado inatusumbua: nikifuta data za pembeni, wasifu wa rangi nao unaondoka na leso inatokea kahawia. Wateja wawili wamerudisha. Nimeanza kuacha wasifu wa rangi na kufuta yaliyobaki, tuone. Ametuma nyingine tisa asubuhi hii, zote kama dokumenti, moja imelala upande na paka yuko juu yake.